Jikoni na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaondoka alfajiri. Binti yetu kajifungua — wa kiume, mzito, sauti kama king'ora! — na mama mtu hawezi kukaa mbali huku kukiwa na kichanga cha kuoshwa. Sawa kabisa. Mimi sasa ni babu. Nimemwambia kila mteja saluni, hata waliokuja kuuliza njia tu.

Lakini nyumbani tumebaki wawili. Mimi na mama mkwe.

Mama katolewa mtoto wa jicho wiki iliyopita. Jicho la kulia limefunikwa. La kushoto lina ukungu, linasubiri zamu yake. Daktari kasema asiiname, asibebe kitu, asisogelee moto wala moshi. Maana yake asipike. Basi mpishi wa nyumba hii ni nani? Kinyozi!

Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kukaa na mama mkwe peke yetu zaidi ya muda wa chai kupoa. Heshima. Yeye akikohoa, mimi natafuta simu mfukoni. Leo tumekohoa sana.

Usiku nimenunua chipsi na kuku pale mgahawani. Kagusagusa. Kasema ameshiba. Ameshiba nini?

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi chai na mkate wa dukani. Kala pembe ya mkate. Mchana nimeacha kiti changu saluni, nikamkimbizia wali wa mgahawani ungali moto. Kanishukuru vizuri mno — ile shukrani ya mtu anayerudisha sahani. Wali uko vilevile, kijiko kimesimama katikati kama bendera.

Jioni kapiga simu shemeji, kaka yake mke wangu. Sisi humwita Mkurugenzi tangu hajawa mkurugenzi wa chochote. Kasema amewaza: Mama ahamie kwake, moja kwa moja. Nyumba kubwa, chumba cha chini, choo chake mwenyewe, mpishi wa kuajiriwa. Yuko safarini, akirudi atakuja kumchukua, Jumapili tarehe 23.

"Wazo zuri sana, shemeji!" nikasema. Haraka kidogo kuliko adabu. Nilipokata simu nikapumua kama mtu aliyetuliwa gunia.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Jicho linapona. Mwili ndio hauendi. Muuguzi kasema Mama amekonda, na kwa hali hiyo jicho la pili litangoja. Wakati anasema hivyo alikuwa ananiangalia mimi!

Kwenye teksi nikajikaza. Nikamuuliza, Mama, ungependa kula nini? Tukapita taa za barabarani, tukapita soko. Halafu akasema, "Maharage."

Maharage ya namna gani, Mama?

"Maharage tu, baba. Yaliyopikwa na mtu."

Neno hilo limeniingia. Yaliyopikwa na mtu. Na yale ya mgahawani yanapikwa na nani? Lakini nimemwelewa. Nimemwelewa vizuri tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeunguza maharage.

Si kidogo. Niliyabandika, nikaketi kusikiliza mpira redioni, goli likaingia, maji yakaisha. Moshi nyumba nzima! Jirani yetu Mama Mapacha akaja mbio na ndoo. Nikampeleka Mama uani nimemziba jicho kwa taulo, yeye anauliza, "Nani anaungua?" Hakuna anayeungua, Mama. Ni chakula cha jioni.

Tumekula ndizi mbivu, barazani kwa Mama Mapacha, kama wasafiri.

Mke wangu kapiga simu, kauliza tumepika nini. Nikasema maharage. Si uongo.

Jumapili, 9 Machi

Leo naandika tumbo likiwa limejaa.

Saluni hufungwa Jumapili. Nilikuwa nasugua ile sufuria nyeusi, nikasikia kiti kinaburutwa. Mama. Kajipapasia ukuta mpaka mlangoni mwa jiko, kaweka kiti upande ambao hewa inaingia, kakaa. Kasema, baba, osha mengine. Mimi nitakuwa macho yako. Kisha akajishika mdomo — "Macho gani! Basi nitakuwa masikio."

Tukaanza. Maharage nilikuwa nimeyaloweka jana, hilo Mama Mapacha alinifundisha. Nikachukua kitunguu. Nikakikata kwa uangalifu wote, vipande vyembamba kama karatasi. Mama akainamisha kichwa.

"Hicho kitunguu unakikata au unakinyoa?"

"Mama, mimi kazi yangu ni kunyoa."

Alicheka! Alicheka mpaka akashika jicho lake la dawa, nami nikaogopa tutaandikiwa barua na hospitali. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, hata harusini kwetu. Hasa harusini kwetu.

Anapika kwa kusikia. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta hupiga kelele kama watoto wanaotoka shule. Usifanye kitu. Ngoja wafike nyumbani. Kelele zikishuka zikawa minong'ono, tia nyanya. Nyanya nayo italia machozi yake — iache ilie, ukiinyamazisha kwa maji mchuzi unakuwa mchungu. Nikataka kufunua maharage kuangalia. Akasikia mfuniko! "Acha. Bibi yangu alisema maharage yana haya. Ukiyachungulia, hayaivi."

Ndipo akanisimulia. Amelelewa na bibi yake mzaa mama, kwenye jiko dogo lenye dirisha moja. Bibi hakuwa mtu wa kukumbatia wala wa maneno matamu. Mtoto akianguka, anapikiwa. Mtoto akifeli, anapikiwa. Baba yao alipofariki, bibi hakusema kitu; alibandika sufuria, akawaita watoto wote wakae karibu wamsaidie kuchambua. "Nilikuwa mtu mzima," Mama akasema, "ndipo nikajua kumbe kuchambua siku ile hakukuwa kwa ajili ya maharage."

Nikakoroga. Nadhani lilikuwa jibu sahihi.

Amekula sahani nzima. Halafu akauliza kama wali umeacha ukoko. Nikamkwangulia. Mtu anayeomba ukoko huyo ana safari ndefu bado!

Jumatano, 12 Machi

Kila siku sasa. Natoka saluni mapema, napitia sokoni, nachagua boga kwa kuligonga kama mlango. Jumatatu uji wa asubuhi ulioivishwa taratibu bila hata donge moja. Jana supu ya kuku. Leo boga na mboga za majani, vitunguu nimevikata vinene kama alivyotaka.

Mteja wangu mmoja, mwalimu, kauliza kwa nini saluni inanukia kitunguu. Mwenzangu wa kiti cha pili akadakia: "Huyu siku hizi anakuuliza kwanza — upara au mchuzi?" Wakacheka. Nami nikacheka. Halafu mwalimu akanong'ona, ile supu unaanza na nini?

Mama mashavu yamerudi. Hatukohoi tena.

Jumamosi, 15 Machi

Leo tumegombana. Kama ni kugombana.

Nilijifanya mjanja. Nikanunua vile vidonge vya supu, vya karatasi inayong'aa, nikapenyeza kimoja kwenye sufuria Mama alipokwenda kunawa. Nilitaka kumshangaza. Akaonja. Akaweka kijiko chini.

"Nani kaingia jikoni?"

Hakuna mtu, Mama, ni mimi tu.

"Hapana. Kuna mgeni humu."

Nikakiri. Hakukasirika, hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu kwamba jana nilipika supu nzuri, yangu, na leo nimemwita mtu mwingine aje kupika badala yangu. Nikanuna. Mtu mzima, mvi kichwani, babu wa mtu — nimenunia supu! Nikaenda kuosha gari la jirani bila kuombwa.

Niliporudi alikuwa anamenya viazi kwa kupapasa, maganda mapana yanaanguka mapajani. Akasema bila kugeuka, "Kaa, baba. Vya leo vigumu." Nikakaa. Tukavimenya.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesikia nisichotafuta. Nilikuwa koridoni, navua viatu. Mama yuko kwenye simu na Mkurugenzi. Sauti ya shemeji haihitaji simu, inasikika mpaka barabarani: chumba kimepakwa rangi, kitanda kimewekwa, mpishi ameambiwa asitie pilipili.

Nikangoja Mama aseme kitu. Akasema, "Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Basi. Kaweka simu.

Nilidhani nitafurahi. Tangu lini nimetaka jingine? Nimesimama koridoni na kiatu kimoja mkononi mpaka Mama akauliza nani yuko pale.

Alhamisi, 20 Machi

Kliniki tena. Kitambaa kimetolewa! Mwili umerudi, jicho la pili limepangiwa mwezi ujao. Muuguzi kauliza Mama anakula nini. Mama kamjibu, "Anachopika mkwe wangu." Nikaangalia bango la meno ukutani. Sikuwa na pa kuweka uso.

Tulipofika, moja kwa moja jikoni. Akasimama akanitazama kwa jicho lake jipya — mimi na aproni ya mke wangu, ile yenye maua na kamba fupi. Akatazama jiko. Akatazama ukuta wenye madoa ya nyanya niliyodhani nimeyafuta.

"Kumbe ndivyo tulivyokuwa," akasema. Akacheka mpaka akakaa.

Kisha akaanza kukunja nguo zake kitandani. Taratibu, moja juu ya nyingine.

Nimempigia mke wangu. Kanisikiliza, nyuma yake king'ora kinalia. Kasema, mwambie basi. Nimwambie nini? Kwamba unataka akae. Mimi? Mkwe? Nimzuie mama wa watu asiende kwa mwanawe wa kumzaa, mwenye choo cha peke yake? "Haya," mke wangu akasema, "kaa na heshima yako. Itakupikia."

Huyu mwanamke! Ametoka tumboni mwa yule yule.

Jumapili, 23 Machi

Naandika upesi, nimejifungia chumbani. Nimesema natafuta shati safi.

Asubuhi Mama aliamka kabla yangu. Kavaa nguo zake za kutokea. Begi liko mlangoni tangu jana. Nikamwandalia uji, tukanywa. Halafu akaniagiza nibandike maharage, kwenye sufuria ile kubwa ya wageni. Mbona mengi, Mama, na safari? "Bandika tu, baba."

Mkurugenzi kafika mapema. Gari refu, dereva, saa ya mkononi inayoangaliwa kila mara. Kambusu mama yake, kanipa mkono, kaangalia aproni. Haya Mama, twende, tuwahi.

"Kaa kwanza," Mama akasema. "Sufuria iko motoni."

Mama, kuna mpishi nyumbani.

"Sikusema nina njaa. Nimesema sufuria iko motoni. Shemeji yako ana mikono miwili tu. Vua saa hiyo, umenye vitunguu."

Na yeye kavua! Kakunja mikono ya shati, kakaa kwenye kibao, magoti yamefika kidevuni. Anamenya vibaya ajabu, nusu ya kitunguu inakwenda na ganda. Machozi yakaanza. Akasema ni vikali hivi. Mama akasema, ndiyo, ni vikali. Hakuna aliyebisha.

Nikampa mchuzi kwenye kijiko aonje. Akafumba macho. Akabaki hivyo.

"Nani kapika?"

"Muulize," Mama akasema.

Nami nilitaka kusema, ni mimi, shemeji. Hilo tu. Lakini kilichotoka ni kingine, tena kwa sauti ya saluni: "Shemeji, mimi ningependa Mama akae hapa."

Nilisikia maharage yanavyochemka, kila moja. Mkurugenzi kanitazama kama ndiyo kwanza tunajuana. Mama hakunitazama. Akasema, "Koroga, baba, yatashika chini." Nikakoroga. Mchuzi ukaniruka kifuani, ndiyo hilo shati.

Sasa nawasikia huko. Wanaongea chini chini, mama na mwanawe. Dereva naye kaitwa ndani, nasikia anavuta kiti. Mara Mkurugenzi anasema jambo kuhusu rangi ya chumba. Mara Mama anamjibu, sauti laini, sishiki maneno. Sasa wanacheka? Hapana. Ndiyo. Begi bado liko mlangoni, nimelipita nikija huku. Sijui litatoka au litarudi.

Shati nimelipata zamani.

Mama ananiita. Anapaza sauti, nyumba nzima isikie: Baba, ukitoka huko niletee dengu na lile bakuli kubwa, zinatakiwa zilowe usiku kucha ndipo zifae kesho mchana.

Kesho mchana!

Mkurugenzi kakaa naye pale pale. Kasikia. Namsikia anavuta pumzi, anataka kusema —