Watani Waliolala Gulioni

Magoma, upande wa Korogwe

Kwa mama yangu, Kwamsisi.

Mama, nashika miguu yako kutoka huku mbali. Mjomba akikusomea haya, mwambie asome polepole, maana namjua, husoma kama mtu aliyeacha chungu motoni. Ile homa yako ya jioni imekuacha? Mtama umeota vizuri, au nguruwe wamewahi? Mimi ni mzima, ila nimechoka, mama. Nimechoka mpaka mifupa.

Nilikutumia neno kwamba nikimaliza kazi ya mkonge kwa huyu Mdachi mwenye shamba nitarudi tulime pamoja. Kazi nimeimaliza. Ngoja nikueleze yaliyonipata.

Hapa shambani mtu akiugua siku nyingi, nyapara huutupa mkeka wake nje ya kambi, basi. Wengi wa wanaotupwa kwao ni Unyamwezi, na kwa miguu mibovu hawafiki hata Korogwe. Wakawa wanalala kwenye banda la gulio. Siku ya gulio wachuuzi huwafukuza kama mbuzi, nao hushinda juani, jua likizama wanarudi. Sisi wa kambini tulikuwa tukiwabakizia ugali, na akina mama wa Magoma wakileta mihogo. Kusaidia nako kunachosha. Leo umempa mtu uji, kesho unamkuta amelowa tena, anatetemeka palepale.

Mmoja wao ni Masanja, Mnyamwezi, mguu wake umeliwa na kidonda, na baridi ya usiku humkohoza. Unajua sisi Wazigua na wao ni watani. Kila nikimpelekea chakula hunitukana: "Mzigua, umekuja kunipimia kaburi? Rudi, bado nakula!" Nami humjibu kwamba asijisumbue kufa, ardhi ya huku itamtapika. Tunacheka, kisha mimi naenda pembeni nalia.

Majuzi jumbe, mkubwa wa hapa Magoma, akapigisha mbiu: masika yanakaribia, na atakayekutwa amelala gulioni atakamatwa na askari akabebe mizigo. Abebe kwa mguu gani? Hasira zikanipanda. Tukaenda barazani kwake, mimi na wenzangu wa kambini na wale akina mama, tukaomba kiwanja tuwajengee wagonjwa.

Jumbe ni Msambaa, mtu mzima, si mtu mbaya. Akasema, "Mgeni asiye na mwenyeji hapewi kiwanja. Mwenyeji wao nani?"

Kila mtu akatazama vidole vya miguu yake. Mimi na huu mdomo wangu ulioukemea tangu utotoni nikasema, "Shikamoo mzee. Hawa ni watani wangu. Wakifa, kuwazika ni juu yangu, nami nitawazika walipolala, gulioni pale pale. Tuone nani atakuja kununua ndizi."

Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Jumbe naye alicheka, halafu akaacha.

"Vema, mwanangu. Atakayewazika ndiye mwenyeji wao. Kiwanja kipo kando ya mto Luengera. Jenga, ukae nao humo humo. Mwenyeji hawakimbii wageni wake. Siku mgonjwa wa mwisho atakapopona, au utakapomzika, ndipo uende kwenu."

Mama, nilikuwa natania. Lakini neno likishatoka barazani mbele ya wazee halimezwi. Wenzangu walikata fito, akina mama wakakandika udongo, na jana tumemaliza kuezeka nyasi. Masanja amelala pakavu. Kushukuru hakushukuru, amesema tu kwamba nyumba ya Mzigua itavuja hata kabla ya mvua. Usiku ule wote hakukohoa.

Kwa hiyo sirudi, mama. Mwezi huu sirudi, na mwaka huu sijui. Najua umenisubiri, na moyo unaniuma kukuandikia hivi. Jembe langu mpe shemeji alitumie, asiliache lishike kutu.

Nisalimie mjomba anayekusomea, na dada yangu na mumewe, na mama mdogo aliyeninyonyesha ulipokuwa mgonjwa. Na yule bibi mjane anayelala jikoni kwa watu tangu nyumba yake ilipoungua, msalimie sana. Kisha mfungulie nyumba yangu. Usiifagie tena kwa kunisubiri mimi, mfagilie yeye. Akiogopa maneno ya watu, mwambie ana mwenyeji.

Ni mimi mwanao niliye mbali,
Mhina