Mstari wa Tatu kwenye Daftari la Agnela

Akeri,
28 Julai 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo, wewe na Mama. Natumaini karatasi hii itawakuta wazima hapo Mwanza kwa kaka Eliya, na kwamba jicho lililopasuliwa limeacha kutoa machozi. Mimi sijambo, ila baridi ya mwezi huu imenifanya nilale na sweta lako la kijivu, naomba usinidai. Kahawa ya upande wa mto imeanza kuiva, na ng'ombe mwekundu anakaribia kuzaa.

Utashangaa kupokea barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungeniambia haidhuru, mwanangu, kabla sijamaliza, nami ningeshukuru na kunyamaza. Kwa kuwa daktari amekukataza kusoma, Eliya atakusomea. Kaka, tafadhali usiruke mstari.

Habari yenyewe ni ya kompyuta yako. Tarehe 15 niliiwasha, ikanieleza kuwa mfumo wake endeshi umezeeka na kwamba mpya uko tayari kupakuliwa. Nilitaka ukirudi uikute nyepesi. Nilibonyeza kukubali bila hata kunakili faili zako pembeni, jambo ambalo chuoni nilifundishwa muhula wa kwanza kabisa. Jioni kompyuta ilikuwa imependeza kweli, inawaka kwa dakika moja. Lakini programu ya kuandikia muziki, ile uliyoletewa na wageni wa Ujerumani, haikuwepo. Mfumo mpya uliona haupatani nayo ukaiondoa. Nyimbo zako arobaini na tatu za Kimeru zilikuwepo bado kama majina tu. Nilipozifungua kwa programu nyingine, kila penye do, re, mi palikuwa na kijisanduku kitupu.

Unajua mwenyewe kwamba madaftari yako ya awali yaliliwa na mchwa. Hakuna nakala nyingine ya wimbo wa jubilei.

Kwa siku nne nilijaribu kila nilichokisoma. Niliiambia kompyuta ijifanye ya zamani, ikakataa. Nilitafuta ile diski ya Wajerumani, nikaikuta ina mikwaruzo kama ubao wa kukatia nyama. Siku ya tano akaja mzee Solomoni, mwenyekiti wa kwaya, kuchukua karatasi za wimbo ili mazoezi yaanze, maana jubilei ni tarehe 10 Agosti. Aliviona vile visanduku akauliza imekuwaje. Nilimjibu. Jibu hilo naliweka pembeni kidogo, ila utalipata. Yeye alitikisa kichwa, akasema kamati ya jubilei italazimika kuchukua wimbo wa kwaya ya mtaa wa jirani.

Alhamisi, tarehe 24, akarudi na kusema kuna fundi kule Themi, dada mmoja anaitwa Agnela, Mchaga wa Kibosho, na kwamba twende kabla kamati haijakaa. Baba, natamani ungemwona huyu dada akifanya kazi. Duka lake ni chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Aliniuliza kama nimekunywa chai kabla ya kuuliza kompyuta ina nini. Mzee Solomoni akamtania kwamba amemletea msomi wa chuo kikuu aliyeshindwa na kompyuta ya baba yake. Agnela akajibu kwamba basi leo amepata msaidizi wa bure, akanipa brashi ya kupakia rangi nitoe vumbi kwenye vitufe. Hakunicheka. Mimi niliyekuja na maneno makubwa ya Kiingereza mdomoni nilijikuta nafagia vitufe kwa raha.

Ana utaratibu mmoja ambao sijauona kwa fundi yeyote. Kila kazi anaiandika kwenye daftari kubwa kwa mistari mitatu: kilichotokea, lini, na nani alibonyeza. Mteja anaujaza mstari wa tatu kwa mkono wake mwenyewe. Anasema kompyuta haijawahi kumdanganya. Wanaompotezea muda ni watu. Nilijaza mistari yote. Yeye akanakili kwanza kila kilichomo ndani ya kompyuta na kukiweka kwenye diski yake, ndipo akaanza kupekua kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Baadaye akasimama. Alisoma kitu kwenye kioo, akalitazama daftari, akamwomba mzee Solomoni amsaidie kwenda kununua maandazi.

Mzee alipotoka, Agnela alisema kwa sauti ya chini kwamba mfumo mpya unapoingia, ule wa zamani hauondoki palepale. Kompyuta huufungia pembeni kwa siku kumi, kisha huufuta. Kwa tarehe niliyoandika mimi, hapakuwa na haja hata ya kuutafuta. Lakini kompyuta yenyewe inasema mfumo uliwekwa tarehe 15 Julai, na leo ni siku ya tisa. Akanisogezea kalamu. Aliniuliza kama mwenye jina lile alikuwa nyumbani tarehe hiyo.

Baba, jina lile lilikuwa lako. Nilikuwa nimeandika: Mwalimu Aminiel, tarehe 30 Mei, siku mbili kabla hujasafiri. Ndilo jibu nililompa mzee Solomoni pia. Nilimwambia uliiacha hivyo, kwamba macho yako yalikuwa hayaoni unachobonyeza. Naye aliposema kwa huruma kwamba mzee ameshachoka, na huenda ukirudi upumzishwe ualimu wa kwaya, niliitikia. Niliona ni rahisi kwako kuwa mzee kuliko kwangu kuwa mjinga. Na ule uongo ungekaa siku moja zaidi, ungezizika nyimbo zako zote.

Nililikata jina lako, nikaandika langu na tarehe ya kweli. Agnela alisema tu kwamba sasa kazi ina mlango wa kuingilia. Akairudisha kompyuta kwenye mfumo wake wa zamani. Ilizunguka zaidi ya saa nzima. Mzee alikuwa ameshamaliza maandazi yote ilipowaka, na programu yako ikiwa pale pale ulipoiacha. Agnela alifungua wimbo wa jubilei, na do, re, mi zikajipanga. Hajui kusoma noti, lakini alizitazama muda mrefu, akasema aliyeziandika ni mtu nadhifu. Kisha akaniketisha nizitoe zote arobaini na tatu, moja moja, katika hati ambayo kompyuta yoyote inaweza kuisoma na kuichapa, na kompyuta yako akaitenga na intaneti.

Njiani nilimweleza mzee Solomoni. Jumamosi niliwaeleza wanakwaya wote, nimesimama pale unaposimama wewe. Bibi Susana wa sauti ya pili alisema yeye hakuamini tangu mwanzo, kwamba mtu asiyekubali mwingine amfutie ubao kwa miaka thelathini hawezi kuacha nyimbo ovyo. Akaniamuru nigawe karatasi, watu wanasikia baridi. Tuliimba mara nne. Kamati inakungoja wewe uongoze siku hiyo. Mzee Solomoni amesema hata ukiwa umefumba macho.

Nilimwomba Agnela wino mweupe nilifiche jina lako daftarini. Alikataa. Alisema kilichokatwa kwake hubaki kikisomeka. Kwa hiyo lipo, limepigwa mstari mmoja, na langu liko chini yake. Ukirudi nitakupeleka Themi ulione kwa jicho lako jipya. Nisamehe baada ya hapo, si kabla.

Msalimie sana Mama, umwambie migomba yake nimeiwekea samadi. Kaka Eliya, asante kwa kusoma. Bibi Susana na kwaya nzima wanawasalimu, na mzee Solomoni anasema shikamoo, mara mbili.

Ni mimi binti yako niliyebonyeza,
Anande