Watu Wawili kwa Nyumba

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nimepewa niandike ripoti ya jengo jipya la mtaa wa Muthangari. Ghorofa kumi na saba mahali palipokuwa na nyumba moja na bustani! Niseme kama ardhi itabeba na maji yatatosha. Maji yote yatatoka kwa kisima cha kuchimba. Mungai, bosi wetu hapa ofisini Hurlingham, anaitaka Ijumaa ya wiki ijayo. "Usituandikie mahubiri, Ndanu."

Alhamisi, 6 Februari
Nimeenda site, pale litakapojengwa. Jirani ni mjane, Mama Nyawira. Jengo la kwanza la ghorofa lilipokuja mtaani, maji yakashuka, naye akashusha pampu ya kisima chake. La pili, akashusha tena. Sasa inavuta hewa tu. Amenishika mkono: "Mwanangu, utawaambia?"
Nikasema ndiyo. Kwa nini nilisema ndiyo?

Jumamosi, 8 Februari
Mume wangu, Muindi, amerudi na karatasi za mauzo ya nyumba. Jengo lilelile! Tangu apandishwe cheo hataki kusikia habari ya chumba chetu cha Uthiru. Na mtoto wa pili anakuja Juni. "Kwani sisi tusiishi vizuri?"
Nimezisoma karatasi zote. Hao watu wanaoongezeka ni sisi. Ukipanda kidogo unataka bafu mbili, gari, mashine ya kufua. Mimi pia nataka mashine. Mgongo umeniisha.

Jumanne, 11 Februari
Nimepiga hesabu mara tatu. Watu wakizidi hivi, na kila mmoja atumie maji kama wenye pesa — visima vya mtaa mzima vitakauka. Wakati huo huyu wa tumboni atakuwa na miaka kumi na tano tu. Nimelia chooni. Nimenawa uso, nimerudi kazini.

Jumatano, 12 Februari
Mungai amesoma. Watu watano kwa nyumba ni wengi, anasema, weka wawili, hesabu ya maji itoshe. Nikikataa, Karanja wa meza ya pili ataandika. Jengo litasimama tu.

Ijumaa, 14 Februari
Nimeweka wawili. Sisi wenyewe tutakuwa wanne.
Muindi ametuma ujumbe: ameshaandikisha jina letu, ghorofa ya tisa.
Bado sijatia saini. Mungai amesimama mlangoni. Nimemwambia dakika moja, nakagua. Sikagui chochote — naandika hapa. Carolyne wa mapokezi amepiga simu: kuna mama mzee chini, Mama Nyawira, ameniletea ndizi. Za kusema asante.
Mungai amenyoosha mkono. Anauliza kama kalamu imekauka.