Birika la Masanja

Mjukuu wangu Kulwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Ushetu tumbaku imeshaingia banini kukaushwa, na babu yako bado anagombana na goti lake.

Umeniuliza kuhusu kompyuta yenu kubwa ya mgodini, ambayo prosesa zake mmezigawa mafungu. Fungu la idara ya mishahara hulala mpaka mwisho wa mwezi, na wapima miamba wanaliomba kwa sababu lao limefika kikomo. Unaogopa kwamba ukiwaazima, siku ya mishahara hawatatoka, na lawama itakuangukia wewe. Pole, mwanangu. Kusimama katikati ya wenye kiu ni kazi nzito.

Nilipokuwa msichana, kila kaya ilikuwa na birika lake la udongo kisimani, la kunyweshea ng'ombe. Kiangazi kimoja ng'ombe wetu walipelekwa malisho ya mbali, birika letu likabaki kavu. Jirani yetu Masanja akaliomba. Baba alimjibu kabla hata ndoo haijashuka: "Nywesha, ngosha, mwanaume mwenzangu. Ila wangu wakitokea, wako watoke hata kama hawajashiba."

Ng'ombe wetu wakatokea mchana mmoja, vumbi tupu. Ng'ombe ambaye maziwa yake yaliwalisha watoto wa Masanja alikuwa ndiyo kwanza ameinamisha kichwa birikani. Masanja mwenyewe alimshika pembe akamtoa, macho mekundu. Jioni akaja kwetu kuota moto kama kawaida.

Basi waazime. Ila siku ya kutoka waambie sasa, wakiwa bado na kiu, siyo wakiwa wanakunywa.

Bibi yako