Matundu ya Mchicha

Jumatatu, 3 Machi

Sijawahi kumwambia mtu. Matundu kwenye mchicha wa Mama si ya wadudu. Ni yangu.

Nayatoboa mimi, kila alfajiri kabla ya shule, nimechuchumaa jikoni na mrija wa kalamu iliyokwisha wino. Majani kumi hivi kwa kila fungu. Tundu likitoka duara mno nalichana kidogo kwa ukucha, maana mdudu hana rula. Maneno ya Mama hayo — mdudu hana rula! Wateja wanapenda jani lililoliwa. Wanasema kama mdudu kala na hakufa, na wao hawatakufa.

Wadudu wa kwetu walishakufa zamani. Mama anapuliza dawa jioni, asubuhi anavuna. Kwenye chupa imeandikwa kwa Kiingereza: usivune kabla ya siku kumi na nne. Nilimsomea. Akaniuliza hao walioandika wanauza mchicha au wanauza chupa.

Shuleni naandika insha kwa Kiingereza na napata alama nzuri. Haya siwezi kuyaandika kwa Kiingereza. Hasira yangu haijasoma.

Jumatano, 5 Machi

Leo Mwalimu wa Baiolojia katufundisha kuchagua mboga. Nyanya yenye unga mweupe iache. Nusa kabla hujalipa. Kinachong'aa kupita kiasi kiogope. Muulize muuzaji alipuliza lini. Halafu akasema tutafute majani yenye matundu.

Halafu — ardhi ipasuke! — akasema mboga za mwanawe ananunua kwa mama yangu. Mwanawe ana miezi saba, ndiyo kwanza anaanza kula. Anasagiwa mchicha wetu kila siku. Kila siku. Darasa zima likanigeukia. Nikatabasamu kama mwehu.

Vidole vinaniwasha. Nimevikuna mpaka vimechubuka.

Ijumaa, 7 Machi

Sokoni baada ya shule, kumsaidia Mama. Meza ya pili ni ya Mama Pazia. Tunamwita hivyo kwa sababu anafunika matuta yake kwa mapazia ya neti ya zamani, wadudu wasiingie. Hapulizi kitu. Bustani yake imepakana na yetu, naona kwa macho yangu. Mchicha wake mzima, hauna hata alama. Kwa hiyo haununuliwi.

Leo mteja mmoja kamwambia mbele za watu kwamba majani mazima namna ile lazima yameogeshwa sumu. Akaja kwetu, akachukua mafungu matatu. Mama akamwekea na nyongeza.

Mama Pazia akajibu tu, "Haya mwanangu, nenda salama." Kisha akatazama meza yetu. Hakumtazama Mama. Alinitazama mimi. Anajua!

Mama akaninong'oneza: mwenye wivu ajinyonge. Ameharibu siku ya mtu, bado anamtafutia kamba. Namchukia Mama. Nimeandika na sifuti.

Jumapili, 9 Machi

Nimegoma. Kusema kweli sikusema kitu, mimi na mdomo wangu huu. Niliuweka mrija juu ya meza nikasimama. Mama akaelewa.

Maneno aliyoyatoa! Kwamba hakunipeleka shule nije kumsomea hukumu. Kwamba sare niliyovaa imetoka kwenye matundu hayohayo. Kwamba sura nimechukua kwake ila unafiki ni wa upande wa baba. Kwamba mchicha hata sisi tunakula na hatujafa.

Hapo ndipo sauti ikatoka. Sijui ilitoka wapi.

"Sisi tunakula wa tuta la nyuma ya jiko, Mama. Lile hulipulizi."

Akauchukua mrija akaanza kutoboa mwenyewe. Duara, duara, duara, kama vifungo vya shati. Vibaya kabisa. Na mimi — mjinga mimi — nikakaa chini nikaanza kuyachana kwa ukucha ili asiaibike sokoni.

Najichukia na mimi.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu hakuja. Mtoto anatapika na kuharisha tangu jana. Mwalimu wa zamu kasema ni meno.

Huenda ni meno kweli. Watoto huumwa. Nimejiambia hivyo njia nzima. Nilipofika nyumbani nikakuta Mama yuko bustanini, bomba mgongoni, anapuliza huku anaimba.

Nimeandika barua. Herufi kubwa, mkono wa kushoto, bila jina. MATUNDU YANATOBOLEWA. DAWA INAPULIZWA JIONI, MBOGA ZINAVUNWA ASUBUHI. USIMPE MTOTO. NUNUA KWA MAMA PAZIA.

Kesho, kwenye droo ya Mwalimu.

Jumatano, 12 Machi

Nimeiweka.

Jumamosi, 15 Machi

Mwalimu yuko sebuleni!! Kaja na mtoto. Nimemchungulia: kapona ila shingo imekuwa ya kifaranga. Ukuta wetu ni mbao zenye nyufa, nasikia kila neno.

Anamsomea Mama barua yangu. Anaisoma kwa kebehi, kama anasoma jibu la mwanafunzi mvivu.

"Dada yangu, mwandishi kajitaja mwenyewe. Nunua kwa Mama Pazia! Kuna mwingine wa kuandika hivyo?"

Mungu wangu. Ule mstari wa mwisho. Sikufikiria.

Anasema anakwenda sokoni sasa hivi, akamwaibishe yule mama mbele ya wateja wake. Mama kamwambia asijisumbue. Kamwambia mara mbili, mara ya pili taratibu. Hakusema barua ni uongo. Hakusema ni kweli. Ameomba aishike, na sasa anaiangalia. Mama hahitaji kuujua mwandiko. Wanaotoboa katika nyumba hii ni wawili.

Ameinuka. Anamfungia Mwalimu mafungu mawili kutoka kwenye beseni, pole ya mtoto. Mwalimu anashukuru. Anasema watu waaminifu wamebaki wachache.

Wametoka. Namwona Mwalimu dirishani, anapita uani kuelekea getini. Mtoto kiunoni. Majani yamechomoza kwenye mfuko na mtoto kashika moja, analitia mdomoni. Mwalimu haoni, anatafuta komeo kwa mkono mmoja.

Dirisha liko wazi. Hatua kumi na tano tu. Nikiita, atasikia. Neno moja tu na Mama Pazia amepona, mtoto amepona, na mimi na Mama basi tena. Nimefungua mdomo mara mbili. Hewa tupu.

Hatua za Mama koridoni. Haniiti jina. Anakuja polepole na ile karatasi, naisikia ikisugua ukuta. Komeo la geti bado halijafunguka. Naliweka daftari hili chini ya godoro na —