Shati Jeupe Mbele ya Tembo

Dada Monika, shikamoo. Nimefika kwenye shule yangu mpya nikiwa mzima, ila miguu imevimba. Njia ya zamani ya misafara tumeikanyaga siku tatu, mimi na Maganga, mrina asali aliyekubali kuniongoza porini.

Jana asubuhi Maganga alisimama ghafla. Tembo jike na mtoto wake walikuwa katikati ya njia. Akatikisa kimfuko cha majivu kupima upepo, na majivu yakapeperukia upande wao.

"Mwalimu, vua shati," akaninong'oneza.

"Kwa nini?"

"Jeupe mno. Na upepo unawapelekea harufu yetu."

Nikalivua lile ulilonipigia pasi, tukazunguka kwenye miiba hadi upepo ukatupiga usoni. Mara yule mtoto akakanyaga mkonga wake mwenyewe, akaanguka, nami nikacheka. Maganga akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonukia nta. Mama tembo akatega masikio, tukaacha hata kupumua. Kisha akamwinua mwanawe taratibu, wakaenda zao. Sijawahi kuona upole kama ule.

Shati nililolibeba mkononi lilinaswa na kuraruka kwenye miiba. Jioni niliingia kijijini kifua wazi, nimejaa mikwaruzo. Bibi mmoja akauliza, "Mwalimu wetu ndiye huyu?"

"Ndiye," Maganga akajibu. "Hata tembo wamempisha."

Wakacheka wote, wakaniletea ugali wa mtama na uyoga, nikala mpaka nikaona haya.

Nibusie wanao. Mungu awalinde hapo Cheyo.

Mdogo wako,
Yohana