Maziwa Hayaoshi Mapafu

Alhamisi, Joubert Park, Johannesburg

Mume wangu alianza kuishiwa pumzi mwaka jana, kwa vumbi la mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Sasa ngazi za ghorofa ya pili zinamshinda.

Kila jioni nilimpa lita nzima ya maziwa, kwa sababu wachimbaji wenzake walisema yanaosha vumbi kifuani. Leo daktari ametikisa kichwa: "Mama, maziwa yanaenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu, na halitoki." Eish! Maziwa yote yale, si ningenunua barakoa nzuri kumi?

Jioni binamu yake kapiga simu, kesho kuna mawe ya kusaga.

"Nitakunywa lita mbili, mke wangu," ananitania huku anakohoa.

Sikucheka. "Baba Neema, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi unijibu: unaenda au huendi?"